Embakasi hadi mjini: Njia inayogombewa na ndege, wanyama na wakazi wa mabanda

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA anayewasili Nairobi mchana, akiwa ameketi kando ya dirisha la kushoto, huiona nchi ya namna tatu kabla magurudumu ya ndege hayajagusa ardhi.

Kwanza huiona nyika iliyotandaa bila nyumba hata moja, yenye migunga iliyojipanga kando ya vijito. Hiyo ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kisha huiona barabara ya Mombasa Road ikiwa imefurika malori, na juu yake barabara nyingine iliyobebwa na nguzo. Kwa mbali huyaona majengo marefu ya katikati ya jiji, na kati ya majengo hayo na uwanja, mapaa ya mabati ya Mukuru yaliyobanana hata mtu hawezi kutambua ni wapi nyumba moja inaishia na nyingine inaanzia.

Yote hayo yamo katika eneo ambalo gari lisilokutana na msongamano lingelivuka kwa muda usiozidi nusu saa. Ni majiji machache sana duniani ambayo uwanja wake mkuu wa ndege, mbuga ya simba na vifaru, eneo la viwanda, mitaa ya mabanda na kitovu cha biashara vimesongamana kiasi hicho.

Kwa hiyo suala la namna ya kuuunganisha Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) na jiji lake si la wahandisi wa barabara peke yao. Kila mstari unaochorwa kwenye ramani ya upande huu wa Nairobi humgusa mtu aliyekwisha kujenga hapo, au mnyama aliyekuwa akipita hapo, au mto unaohitaji nafasi ya kufurikia. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea na kwa nini ni vigumu kuirekebisha.

Uwanja uliogeuza uso

Kabla ya mwaka 1958 ndege za abiria zilikuwa zikitua Eastleigh, katika uwanja uliotumiwa pia na jeshi la anga la Uingereza. Ndege zilipozidi kuwa kubwa, serikali ya kikoloni iliamua kujenga uwanja mpya katika nyanda za Embakasi, kusini mashariki mwa mji, umbali wa takriban kilomita 15.

Ardhi ya huko ni tambarare, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Uwanja upo katika kimo cha mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, mabawa hupata msaada mdogo na injini hupungukiwa nguvu, hivyo ndege iliyobeba mzigo mzito hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu unaozidi kilomita 4. Njia ya namna hiyo haiwezi kupachikwa mahali popote penye vilima na mabonde, na upande wa magharibi wa Nairobi ni vilima na mabonde matupu.

Kazi ya kuusawazisha uwanja huo ilifanywa na maelfu ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, wakichimba na kubeba udongo kwa mikono chini ya ulinzi wa askari. Gavana Evelyn Baring aliufungua mwaka 1958. Ni jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayevuta sanduku lake katika ukumbi wa kuondokea, ingawa hakuna kitu kikubwa katika sura ya uwanja wa leo kinachomkumbusha.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1978, majengo mapya ya abiria yaliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia yalifunguliwa upande wa pili wa njia ya kurukia, na uwanja ukapewa jina la rais wa kwanza wa Kenya. Majengo ya zamani yakabaki mikononi mwa jeshi la anga.

Uamuzi huo wa 1978 haujadiliwi sana, lakini ndio ulioamua sura ya mambo tunayoyaona sasa. Uwanja wa zamani ulielekea kaskazini, upande wa kijiji cha Embakasi. Uwanja mpya uliugeuza uso wake kusini, kuelekea Mombasa Road. Tangu siku hiyo kila abiria, kila mfanyakazi na kila kontena la maua linalokwenda Ulaya likawa linategemea barabara moja, ambayo wakati huohuo ndiyo njia ya malori yote yatokayo bandarini kuelekea Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Embakasi yenyewe, iliyoupa uwanja jina lake la kwanza, ikabaki mgongoni.

Faneli isiyoonekana

Uwanja wa ndege hauishii kwenye ua wake. Ndege inayotua hushuka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi, yaani hupoteza takriban mita 52 za kimo kwa kila kilomita moja inayosonga mbele. Ikiwa bado kilomita 5 kufika mwanzo wa njia ya kurukia, haiwi juu ya mita 280 hivi kutoka ardhini. Kwa hiyo kutoka kila ncha ya njia hiyo kuna kitu mfano wa faneli iliyolazwa, nyembamba karibu na uwanja na pana kwa mbali, ambayo haipasi kuingiliwa na jengo, mnara wala kreni.

Ndiyo maana sheria za usafiri wa anga humtaka mtu anayetaka kujenga jengo refu karibu na uwanja apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), mbali na kile cha kaunti. Faneli hiyo huathiri bei ya ardhi, hupanga idadi ya ghorofa, na huamua nani atalala kwa kelele.

Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki na kaskazini mashariki, na ndege hupendelea kutua zikiukabili upepo. Matokeo yake ni kwamba ndege nyingi hukaribia kutoka kusini magharibi, zikipita juu ya mbuga, kisha juu ya Mombasa Road, halafu zinagusa ardhi. Mbuga, bila ya mtu yeyote kukusudia hivyo mwaka 1946 ilipoanzishwa, imekuwa mlinzi wa uwanja. Ardhi yake ya kilomita za mraba 117 ndiyo iliyouzuia mji usijenge chini ya sehemu kubwa ya njia hiyo.

Laiti mbuga isingekuwapo, ni dhahiri kwamba pale pangekuwa na maghorofa kama yale ya Pipeline. Wanaotamani kuimega mbuga kidogo kidogo kwa ajili ya barabara na maghala hawaelezi hesabu hiyo.

Hata hivyo, anga ya juu ya mbuga nayo imejaa. Upande wa kaskazini mwa mbuga kuna uwanja wa Wilson, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Kutoka hapo huruka ndege ndogo za watalii, za madaktari na za wanafunzi wa urubani. Machi 5, 2024 ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 ziligongana muda mfupi baada ya kuondoka Wilson. Ile ndogo iliangukia ndani ya mbuga na watu wawili waliokuwamo wakafariki. Ile kubwa ilirejea na kutua salama.

Kijiji cha Mitumba

Ni jirani na Wilson pia ndipo ilipozaliwa kesi ambayo kila mpangaji wa mji nchini Kenya anapaswa kuijua.

Kijiji cha Mitumba kilikuwa kwenye ardhi ya umma karibu na uwanja huo. Wakazi wake walikuwa wamekaa hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Septemba 2011 lilitolewa tangazo kwamba wana siku saba za kuondoka. Sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba kijiji kimo katika njia ya ndege.

Wakazi walikwenda Mahakama Kuu kupitia chama chao cha Mitu-Bell na wakapata amri ya kuzuia ubomoaji. Hata hivyo, Novemba 19, 2011 matingatinga yalifika na kijiji kikabomolewa amri hiyo ikiwa bado ipo. Kwa mujibu wa maelezo ya wakazi mahakamani, kaya zilizohusika zilikuwa 3,065, zenye watu zaidi ya 15,000.

Mahakama Kuu iliwapa wakazi ushindi mwaka 2013. Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo mwaka 2016. Januari 11, 2021 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho, na kwa sehemu kubwa ukawa wa upande wa wakazi.

Mahakama haikusema kwamba mtu anayejenga kwenye ardhi ya umma huwa mwenye ardhi hiyo. Ilichosema ni kwamba watu waliokaa mahali hapo kwa muda mrefu, wasio na kwingine pa kwenda, wana haki ya makazi inayolindwa na Katiba ya 2010, na kwamba mahakama inaweza kuiagiza serikali iwahamishe kwa utaratibu wa kibinadamu au iwatafutie pa kukaa. Tena ilithibitisha kwamba majaji wanaweza kutoa amri na kubaki wakifuatilia utekelezaji wake, badala ya kufunga faili na kwenda zao.

Hoja ya usalama wa ndege haikuwa ya kupuuzwa. Nyumba zilizo karibu mno na njia ya kurukia ni hatari kwa wanaolala ndani yake na kwa waliomo angani. Lakini kijiji kile kilikaa hapo karibu miaka 20 ndipo hatari ikahesabiwa kwa siku saba. Mwezi huohuo wa Novemba 2011 matingatinga yalibomoa pia nyumba za kifahari huko Syokimau, upande wa pili wa JKIA, kwa hoja kwamba zilikuwa kwenye ardhi ya uwanja. Waathiriwa wa Syokimau walikuwa watu wa tabaka la kati waliokuwa na karatasi walizoamini kuwa halali. Ua la uwanja, inaonekana, halikuwa likionekana vizuri hata kwa waliokuwa wakigawa viwanja.

Maua ya bogenvilia na nguzo za saruji

Barabara ya kutoka uwanjani kuingia mjini iliwahi kuwa na mbunifu wake, japo hakuitwa hivyo. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za mji wa Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi baada ya uhuru, ndiye anayetajwa kuwa alipanda mijakaranda na maua ya bogenvilia kando na katikati ya barabara iliyoitwa wakati huo Princess Elizabeth, ambayo sasa ni Uhuru Highway. Wageni waliotoka Embakasi walipokelewa na rangi ya zambarau na nyekundu kabla hawajaliona jengo hata moja la maana.

Ilikuwa mbinu rahisi. Miti hupunguza joto la lami, hunyonya vumbi na hulificha jengo bovu. Inamwonyesha pia mgeni kwamba amefika mahali penye mwenyewe.

Mbinu hiyo haikuendelea. Kadiri Mombasa Road ilivyopanuliwa, maghala na vituo vya mafuta vilisogea hadi ukingoni, na mahali pa miti pakachukuliwa na mabango ya matangazo. Kufikia miaka ya 2010 safari ya kutoka JKIA hadi katikati ya jiji jioni ingeweza kuchukua saa mbili, na watu wenye ndege ya usiku walilazimika kuondoka mjini mchana.

Jibu la serikali lilikuwa Nairobi Expressway, barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, ambayo itakusanya ada kwa miaka 27 ili kurudisha fedha zake. Magari yalianza kuitumia Mei 2022 kwa majaribio, na Rais Uhuru Kenyatta akaizindua rasmi Julai mwaka huohuo.

Haina budi kusemwa kwamba barabara hiyo imefanya kile ilichoahidi kwa yule anayeweza kuilipia. Dereva wa teksi hutoka JKIA na kufika Westlands kwa takriban dakika 20. Ada ya gari dogo kwa safari nzima ilikuwa Sh360 mwaka 2022, ikapandishwa hadi Sh500 mwanzoni mwa 2024.

Lakini barabara haina nafasi ya bodaboda, baiskeli wala mwenda kwa miguu. Hao wamebaki chini, katika kivuli cha nguzo. Wafanyakazi wa usafi, wapakiaji mizigo na walinzi wa uwanjani, watu ambao bila wao hakuna ndege inayoondoka, wengi hufika kazini kwa miguu, kwa bodaboda au kwa basi la namba 34.

Ujenzi huo ndio uliokata miti mingi ya enzi za Greensmith. Mpango wa mwanzo ulikusudia hata kumega ukingo wa bustani ya Uhuru Park, ileile ambayo Wangari Maathai aliipigania mwaka 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60. Vuguvugu la Green Belt, alilolianzisha yeye, lilipinga tena mwaka 2019 na bustani ikaepushwa. Novemba 2020 ikaja zamu ya mugumo mmoja uliozidi umri wa miaka 100, uliosimama Westlands penye njia ya barabara. Baada ya kelele za wananchi Rais alitoa amri kuulinda, na mchoro ukarekebishwa. Mugumo ni mti wenye heshima kubwa kwa Wakikuyu, na yumkini heshima hiyo ndiyo iliyouokoa. Mijakaranda ya Uhuru Highway haikuwa na kabila la kuitetea.

Waliolipa gharama kubwa zaidi ni wakazi wa Mukuru kwa Njenga. Mtaa huo upo kati ya eneo la viwanda na uwanja wa ndege, na barabara ya Catherine Ndereba iliyokusudiwa kuyaelekeza magari kwenye Expressway ilipangwa kupita humo. Kati ya Oktoba na Novemba 2021 nyumba zilibomolewa na watu zaidi ya 40,000 wakakosa makao, kwa mujibu wa mashirika ya kutetea haki za binadamu. Wengi walilala kwenye mahema juu ya vifusi vya nyumba zao.

Kinachouma zaidi ni kwamba Mukuru ulikuwa na mpango wake. Mwaka 2017 kaunti ilikuwa imeutangaza kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi, wanafunzi wa vyuo vikuu na wataalamu wakakaa pamoja kuchora barabara za ndani, mabomba ya maji na mahali pa shule, kwa nia ya kuhamisha watu wachache iwezekanavyo. Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kutoa hukumu ya Mitu-Bell miezi tisa kabla ya matingatinga kuingia.

Mlango wa kusini

Mbuga nayo ina mlango wake. Imezungushiwa ua pande tatu zinazopakana na mji. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, iko wazi kuelekea Kitengela na nyanda za Kapiti, ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi.

Mlango huo unafungwa polepole. Nyumbu waliokuwa wakihama katika nyanda hizo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970. Siku hizi ni maelfu machache. Viwanja vimegawanywa, nyumba na viwanda vya saruji vimejengwa, na seng'enge zimetandazwa kila upande. Mwaka 2000 ulianzishwa mradi wa kuwalipa wafugaji wa Kimaasai dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka ili wasiweke seng'enge. Ni fedha kidogo mno mbele ya bei ambayo dalali wa viwanja huitoa, lakini bila ya mradi ule pengine mlango ungekuwa umefungwa kabisa.

Wanyama wanapokosa njia, hutafuta nyingine. Februari 2016 simba walitoka mbugani na kuzurura Lang'ata. Machi 18 mwaka huo simba mwingine alitokea Mombasa Road alfajiri akamjeruhi mzee mmoja. Siku chache baadaye simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi na kuuawa Isinya, mbali kusini mwa mbuga, akiwa amezungukwa na umati.

Reli mpya ya SGR nayo ililazimika kuchagua kati ya kubomoa nyumba na kukata mbuga. Ikakata mbuga. Wapinzani walikwenda kwenye baraza la rufaa za mazingira, lakini ujenzi ukaendelea, na treni za kwenda Naivasha zikaanza kupita mwaka 2019 juu ya daraja la takriban kilomita 6. Nguzo zilifanywa ndefu ili twiga wapite chini, na twiga wanapita. Watetezi wa mbuga hawakuridhika, kwa hofu kwamba daraja moja huwa kielelezo cha la pili. Mwaka 2020 rasimu ya mpango wa mbuga wa miaka kumi ilizua ubishi mpya ilipopendekeza kujenga ua hata upande wa kusini. Ua huo ungewatuliza wafugaji wanaopoteza ng'ombe, lakini ungeifanya mbuga kuwa bustani kubwa ya wanyama.

Mfano wa Singapore

Wapangaji wa miji wanapotafuta mfano, wengi humtaja Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapore. Katikati ya miaka ya 1970 uwanja wa Paya Lebar ulikuwa umezingirwa na nyumba, na washauri walipendekeza upanuliwe hapohapo. Lee alikuwa ameuona uwanja wa Boston nchini Marekani, ambako ndege hupita juu ya bahari na kelele humwagika majini. Akaamuru uwanja mpya ujengwe Changi, kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa, sehemu yake kubwa ikiwa ni ardhi iliyofukiwa kutoka baharini. Ulifunguliwa mwaka 1981.

Alichofanya zaidi ni kuihesabu barabara ya kuingia mjini kuwa sehemu ya uwanja. Barabara ya East Coast Parkway ilipita juu ya ardhi iliyofukiwa kandokando ya ufuo, ikapandwa miti mikubwa yenye matawi yanayokutana juu kama paa. Nia yake ilikuwa mfanyabiashara mgeni aamini, kabla hajafika hotelini, kwamba nchi hii ina utaratibu. Karibu na uwanja, mimea ya katikati ya barabara imewekwa kwenye vyungu, si ardhini, ili ikibidi iondolewe haraka na barabara igeuzwe kuwa njia ya dharura ya kurukia ndege. Treni ya abiria ilifika uwanjani mwaka 2002. Mwaka 2019 likafunguliwa jengo la Jewel lililobuniwa na Moshe Safdie, lenye msitu ndani na maporomoko ya maji yanayoanguka mita 40.

Tusidanganyike na picha. Vijiji vya wavuvi vya pwani ile navyo viliondolewa, na serikali ya Singapore ina mamlaka juu ya ardhi ambayo serikali ya Kenya, chini ya Katiba ya sasa, haina na haipaswi kuwa nayo. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wa kuuchora uwanja, barabara na miti kwenye karatasi moja, mapema. Nairobi ina mamlaka moja ya viwanja vya ndege, nyingine ya barabara kuu, shirika la wanyamapori, shirika la reli na serikali ya kaunti, na kila mmoja huchora karatasi yake.

Ushahidi upo kwenye reli. Kituo cha treni za abiria za mjini kilifunguliwa Syokimau mwaka 2012, na kituo kikuu cha SGR kikafunguliwa jirani yake mwaka 2017. Vyote viwili vipo kilomita chache tu kutoka JKIA, lakini hakuna reli inayofika kwenye majengo ya abiria. Anayeshuka SGR kutoka Mombasa akiwa na ndege ya kupanda huingia kwenye teksi na kurudi palepale Mombasa Road.

Maji ya Ngong

Jambo ambalo halionekani kwenye michoro mingi ni maji. Mto Ngong hutokea msitu wa Ngong, hupita bwawa la Nairobi na eneo la viwanda, kisha huingia Mukuru kabla ya kujiunga na mto Nairobi kuelekea Athi. Udongo wa nyanda za Embakasi ni mweusi na mzito, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Haunyonyi maji haraka. Kila hekta ya lami, ya paa la ghala au ya maegesho ya magari inayoongezwa huyatupa maji mtoni kwa kasi zaidi.

Aprili na Mei 2024 mvua kubwa zilipoifurika Nairobi, Mukuru ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya. Serikali ikaagiza watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mito, na matingatinga yakarudi tena katika mitaa ileile. Wengi wa waliobomolewa mwaka 2021 walikuwa wamesogea mtoni, kwa kuwa ndiko kulikobaki nafasi.

Ukingo huo wa mita 30, ukifuatwa kutoka bwawa la Nairobi hadi Embakasi, ungetosha njia ya miguu na ya baiskeli yenye miti, ya kuwafikisha wafanyakazi wa uwanja kazini bila kupita chini ya nguzo za Expressway. Ungetosha pia kuyapokea mafuriko. Sharti lake ni kwamba waliomo sasa wapatiwe mahali pengine kwanza, jinsi Mahakama ya Juu ilivyoelekeza, na jinsi mpango wa Mukuru ulivyokuwa umeanza kuchora.

Swali hilo halitangoja sana. JKIA ingali na njia moja tu ya kurukia. Ndege moja ikikwama katikati yake, uwanja wote hufungwa, na ndege nyingine hugeuzwa kwenda Mombasa, Entebbe au Kilimanjaro. Mpango wa jengo jipya kubwa la abiria ulifutwa mwaka 2016. Pendekezo la kampuni ya Adani ya India la kuuendesha uwanja kwa miaka 30 na kujenga njia ya pili lilizua mgomo wa wafanyakazi Septemba 2024, na Rais William Ruto akalifuta Novemba 21 mwaka huo. Haja ya njia ya pili haikufutwa pamoja na mkataba. Itakapojengwa, itakuja na faneli yake, na upande mmoja wa faneli hiyo upo mbuga na upande wa pili zipo nyumba za Embakasi.